Giza katika filamu ya Jarmusch si hitilafu

Ndugu Mhariri,

Miaka yote nasoma gazeti lako bila kukuandikia, lakini makala yenu ya filamu ya Jumapili iliyopita siwezi kuinyamazia. Mwandishi wenu anadai Jim Jarmusch, yule mwongozaji filamu Mmarekani, hana mtindo, ana ukata tu.

Ukata ulikuwepo. Sehemu ya kwanza ya filamu yake *Stranger Than Paradise* (1984) ilipigwa kwa mabaki ya mkanda wa filamu aliyopewa na mwongozaji Mjerumani, Wim Wenders. Ukiwa na mkanda kiduchu huwezi kupiga sini moja kwa pembe sita uje uchague baadaye. Akaweka kanuni: kila sini (tukio la mahali pamoja) shoti moja isiyokatwa, yaani kamera inapiga bila kusimama, kisha skrini nyeusi, kisha sini nyingine. Alipopata fedha za kuimalizia filamu hakuiacha kanuni hiyo. Utulivu ule una ukoo: mwongozaji Ozu wa Japani, aliyeweka kamera chini kama macho ya mtu aliyeketi mkekani. Eddie, mmoja wa wahusika wa Jarmusch, anaposoma gazetini majina ya farasi wa mashindano, matatu ni majina ya filamu za Ozu. Mwandishi wenu hakulisikia hilo?

Ujinga huohuo ulituharibia onyesho la filamu hiyo hapa Bagamoyo. Kila skrini ilipokuwa nyeusi, fundi wa projekta alidhani faili limekwama, akaruka mbele sekunde kumi. Giza lenyewe ni la sekunde chache, kwa hiyo kila alipobonyeza alikula mwanzo wa sini inayofuata. Wahusika wake watatu walipofika Ziwa Erie la Amerika Kaskazini, limeganda, hakuna cha kuona ila weupe na baridi, nao wamesimama tu wanatazama, shoti ikaliwa vilevile! Watu wakatoka wakilalamika kwamba filamu haieleweki. Ingeeleweka vipi?

Na vijana wetu wanaopiga filamu Kaole hawaachi shoti ipumue, kinanda juu yake mwanzo mwisho. Wanaojaribu shoti ndefu huiacha kamera kwenye otomatiki: wingu likipita mwanga unaruka, mtu akikatiza fokasi inahangaika, na shoti isiyokatwa haina pa kuficha kosa. Fungeni fokasi na mwanga kwa mkono, stendi ining'inizwe mfuko wa mchanga kwa ajili ya upepo wa pwani, na mrekodi nusu dakika ya sauti ya mahali penyewe pakiwa kimya, ya kuzibia mapengo.

Chapisheni masahihisho ukurasa uleule. Nao wenye kumbi wamkabidhi rimoti mtu aliyekwisha kuiona filamu hadi mwisho, atangaze mapema kuwa giza litakuwepo, na asiguse waya wowote kabla giza halijapita sekunde kumi na tano.

Msomaji wako,
Dunda, Bagamoyo