Geti la kitalu na mizinga yetu

Mhariri, habari za kazi. Naandika kutoka Sikonge mkoani Tabora na naomba msiikate sana hii barua.

Mwezi uliopita mi na mzee wangu tulienda porini kurina, tunayo mizinga ya magome kule, tukakuta njia tuliyopita miaka yote imewekwa geti na kijana wa kampuni ya uwindaji anadai kibali, tukampa kibali cha nyuki ambacho tumekilipia, akasema hicho hakitambui, kuna wageni wanafuata korongo dume (yule mnyama wa pembe, sio ndege) humo ndani na pikipiki yetu itamkimbiza. Mzee akamwambia, "Mjukuu wangu, wewe hujazaliwa mimi nishatundika mizinga humu." Kijana akacheka tu. Simlaumu, katumwa. Tukageuza.

Tatizo ni kwamba uwindaji wa kitalii unafunguliwa Julai mosi na ndo kipindi hichohicho sisi tuko kwenye asali. Alafu kitalu, yani eneo la pori ambalo kampuni imepewa kuwinda, ni haki ya kuwinda, sio hati ya shamba, ardhi ya nchi hii yote kisheria ni ya umma chini ya Rais, iko kwenye Sheria ya Ardhi ya 1999. Sasa geti limetoka wapi?

Kuna watu vijiweni wanasema bora mapori yauzwe, mwenye hela afuge pofu na wanyama wengine na mwindaji amlipe yeye, kama Marekani. Hivi wanajua Marekani kwenyewe wanavyogombana? Jimbo la Wyoming mwaka 2021 wawindaji wanne walitaka kufika ardhi ya serikali ambayo imekaa kama bodi ya drafti, mraba wa umma mraba wa mtu, sababu zamani serikali yao iligawia kampuni za reli viwanja kwa kuruka kimoja kimoja (reli yetu ilifika Tabora 1912, nashukuru haikuja na hayo). Basi wakasimamisha ngazi pale kona za miraba zinapokutana wakavuka juu kwa juu, kutoka mraba wa umma hadi mwingine, bila kukanyaga udongo wa tajiri mwenye ranchi. Tajiri akawashtaki na kudai mamilioni ya dola, eti ranchi yake imeshuka thamani! Yani pori la umma alikuwa analihesabu kwenye mali yake kwa vile njia kaishika yeye. Alishindwa, na 2025 mahakama ya rufaa ikamwambia hapana kwa sheria ya tangu 1885 inayokataza kuzungushia ardhi ya umma.

Nilivyosoma ile kesi nikaliona geti letu. Huna haja ya kununua pori, shika njia tu.

Uwindaji wenyewe siukatai, Ipole hapa kwetu na Uyumbu kule Urambo vijiji vilitenga ardhi yao kwa ajili ya wanyama, na bila mwekezaji pori lingeshaisha kwa mkaa na kukausha tumbaku, tusidanganyane. Ninachotaka ni mkataba wa kitalu uandike njia za warina asali na siku za kupita, alafu usomwe kwenye mkutano wa kijiji kwa Kiswahili, mbele ya huyo mwekezaji.

Mizinga yetu kumi na miwili bado iko upande wa pili wa geti, kama nyegere hajaimaliza.

Mrina asali, Sikonge