Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mshahara wa Mwalimu wa Kiingereza Chuoni na Gharama za Mahali Anapoishi

Ndugu wanachama,

Sehemu kubwa ya mwaka huu kamati tendaji imeitumia kwenye jambo moja: kutafuta namna ya kudai malipo ambayo mwajiri hataweza kuipangua kwa kutaja asilimia. Mazungumzo ya mshahara huanza na swali lilelile, "Mnataka nyongeza ya asilimia ngapi?" Tukilijibu kabla ya kuweka mezani saa tunazofanya kazi na kodi ya nyumba tunayolipa, tumeshashindwa. Nitaeleza hesabu ambazo kamati inataka tuzitumie wote, mahali zinapoharibika, na mapendekezo yatakayopigiwa kura kwenye mkutano mkuu. Mapato na matumizi ya chama yamo katika taarifa ya mweka hazina, kwa hiyo siyarudii.

Saa halisi za kazi

Mwalimu wa Kiingereza chuoni hulipwa kwa saa za darasani, ilhali mzigo wake mkubwa ni insha. Anayefundisha somo lenye mtihani wa kuchagua jibu anaweza kuongezewa wanafunzi 15 bila saa zake kubadilika sana. Kwetu kila mwanafunzi huja na karatasi zake.

Chukueni darasa moja la wanafunzi 25, muhula wa wiki 15, saa 3 kwa wiki. Kufundisha ni saa 45. Maandalizi, kwa kipimo cha saa 1 kwa kila saa ya darasani, ni 45 nyingine. Kila mwanafunzi akiandika insha 4, na kila insha ikichukua dakika 20 kuisoma na kuiandikia maoni, ni saa 33 na dakika 20. Insha hizo zikirudi zimeandikwa upya, kwa dakika 10 kila moja, zinaongezeka saa 16 na dakika 40. Kusahihisha peke yake ni saa 50, na tayari kumezidi kufundisha. Ongezeni saa 15 za kuonana na wanafunzi na 10 za vikao, usimamizi wa mtihani na kuingiza matokeo. Jumla ni saa 165.

Anayelipwa 100 kwa saa ya darasani, kwa sarafu yoyote ile, atapata 4,500 kwa darasa hilo. Gawanyeni kwa 165: kila saa ya kazi imelipwa 27.3. Sasa darasa lipandishwe hadi wanafunzi 40. Usahihishaji unafika saa 80, jumla inakuwa 195, na saa moja inashuka hadi 23.1. Hilo ni punguzo la mshahara la asilimia 15 ambalo halionekani kwenye hati yoyote ya malipo. Hata mwajiri akitoa nyongeza ya asilimia 10, saa itafika 25.4 tu. Mkataba unaotaja nyongeza bila kutaja ukubwa wa darasa unampa mwajiri nafasi ya kuirudisha nyongeza yote mfukoni mwake, na pengine kubaki na ziada.

Mahali pa kuegemea papo. Baraza la Taifa la Walimu wa Kiingereza la Marekani linapendekeza darasa la uandishi la chuo lisizidi wanafunzi 20, lingekuwa bora likiwa na 15, na mwalimu mmoja asibebe zaidi ya wanafunzi 60 wa uandishi katika muhula mmoja. Nchi hiyohiyo inatufundisha pia jinsi uchaguzi wa kipimo unavyoamua haki ya mtu. Kanuni za kodi za mwaka 2014, zinazohusu bima ya afya ya waajiriwa, zilikubali mwalimu wa muda ahesabiwe saa 2.25 za kazi kwa kila saa ya darasani. Kanuni za msamaha wa mikopo ya elimu zilizoanza Julai 2023 zinataka ahesabiwe saa zisizopungua 3.35. Mwenye madarasa matatu ya saa 3 kwa wiki ana saa 20.25 kwa kipimo cha kwanza na 30.15 kwa cha pili, na mpaka wa kuitwa mfanyakazi wa muda wote katika kanuni zote mbili ni saa 30 kwa wiki. Hata akiongezewa darasa la nne, kipimo cha kwanza kinamfikisha 27 tu. Mfano wetu wa saa 165 kwa 45 unatoa 3.67, hivyo atakayesema tunatia chumvi aonyeshwe 3.35 ya serikali.

Hesabu ya mfano haitoshi mezani, na kila chuo kinahitaji daftari la saa. Andikeni wiki tatu za muhula: wiki ya kawaida, wiki ya insha na wiki ya mtihani. Andikeni dakika siku ileile, kwa mafungu matano ya mfano wa juu, pamoja na idadi ya karatasi. Daftari la aina hii huharibika kwa njia tatu. Watu hujaza kwa kukumbuka mwishoni mwa wiki, na kumbukumbu huvimba. Hurekodi wiki nzito peke yake. Huchanganya utafiti wao binafsi na kazi ya darasa. Mwajiri akipata daftari moja la namna hiyo huyakataa yote. Mkijumlisha, tumieni nambari ya katikati, yaani inayoangukia katikati zikipangwa kutoka ndogo hadi kubwa, badala ya wastani, ili mtu mmoja mwenye saa nyingi kupita kiasi asiwavurugie picha.

Mfumuko wa bei na ughali wa mji

Hapa ndipo madai mengi hukwama, kwa sababu mambo mawili tofauti huitwa kwa jina moja la "gharama za maisha". Fahirisi ya bei huonyesha bei zimepanda kwa kasi gani tangu mwaka wa msingi. Haisemi mji upi ni ghali kuliko mwingine. Miji miwili inaweza kuwa na mfumuko wa asilimia 5 kila mmoja huku kodi ya nyumba katika mmoja ikiwa mara mbili ya mwenzake. Atakayedai posho ya mji ghali kwa kushika fahirisi ya mfumuko atajibiwa, na kwa haki, kwamba mfumuko ni uleule kila mahali.

Kwa kasi ya bei, hesabu ni ya kuzidisha. Tuseme nyongeza ni asilimia 3 kila mwaka kwa miaka mitatu, na bei zikapanda 8, kisha 6, kisha 4. Mshahara umekuwa 1.093 ya mwanzo, bei 1.191. Gawanyeni: mshahara unanunua 0.918 ya ulichonunua, hasara ya asilimia 8.2. Kuirudisha kunahitaji nyongeza ya asilimia 9, kwa kuwa sasa mnaanzia chini. Anayedai 8.2 ameacha kitu mezani, na pengo hilo hukua kadiri hasara inavyokuwa kubwa: aliyepoteza 20 anahitaji 25.

Kwa ughali wa mji, serikali na mashirika wamejaribu njia kadhaa. Umoja wa Mataifa unaipa New York kipimo cha 100 na kurekebisha mishahara ya vituo vingine kwa kulinganisha nayo. Ufaransa huwalipa watumishi wa umma posho ya makazi ya asilimia 3, 1 au 0 kulingana na eneo, tofauti ambayo kwa maoni yangu ni ndogo mno kuziba pengo la kodi. India mwaka 2017 ilipanga posho ya nyumba ya asilimia 24, 16 na 8 ya mshahara wa msingi kwa makundi matatu ya miji, na viwango hupanda hadi 27, 18 na 9, kisha 30, 20 na 10, posho ya ughali wa maisha inapovuka asilimia 25 na 50 ya mshahara huo. Kenya hupanga posho ya nyumba ya walimu kwa ngazi ya kazi na eneo, Nairobi ikiwa juu. Marekani ilitunga sheria ya malipo ya maeneo kwa watumishi wa serikali mwaka 1990 na kuanza kuyatoa 1994, lakini kipimo chake ni mishahara ya waajiri wengine wa eneo, wala si bei. Msiitaje kama mfano wa gharama za maisha, kwa sababu mwajiri anayeijua atawakamata hapo. Mfumo ninaoupenda ni wa India, kwa sababu posho hupanda yenyewe kipimo kikivukwa, bila mgomo na bila barua.

Kodi ya nyumba ndiyo iangaliwe kwanza. Sehemu ya kodi katika fahirisi huchanganya wapangaji wa zamani na wapya, hivyo huchelewa nyuma ya soko, na mwalimu aliyeajiriwa juzi hulipa bei ya soko. Kusanyeni matangazo 30 au zaidi ya nyumba za ukubwa mmoja, zilizo ndani ya muda uleule wa safari hadi chuoni, mchukue kodi ya katikati. Ile kanuni ya kwamba makazi yasizidi asilimia 30 ya kipato ni rahisi kuieleza, ila ina tundu. Mwenye 1,000 akilipa 300 anabaki na 700, mwenye 3,000 akilipa 900 anabaki na 2,100, na nauli na dawa haziangalii mshahara wa mtu. Onyesheni pia kinachobaki baada ya kodi na makato.

Walimu wa muda

Mihula miwili ya wiki 15 ni wiki 30, na mwenye nyumba anadai wiki 52. Malipo ya mwalimu wa muda yagawanywe kwa miezi 12 kabla ya kulinganishwa na kodi. Kiasi cha wiki kinachoonekana kizuri hubaki asilimia 58 yake. Malipo yakichelewa miezi minne wakati bei zinapanda asilimia 12 kwa mwaka, hupoteza karibu asilimia 3.7 ya thamani, kwa hiyo malimbikizo yasipokelewe bila fidia ya kuchelewa. Muda na nauli kati ya kampasi na kampasi viingie kwenye daftari kwa fungu lake. Tunaumia sana juu ya wenzetu hawa, maana ndio wanaobeba madarasa ya mwaka wa kwanza, yenye insha nyingi kuliko yote. Pendekezo la UNESCO la Novemba 1997 kuhusu walimu wa elimu ya juu linataka walipwe kwa uwiano na wenzao wa kudumu.

Mapendekezo ya kupigiwa kura

La kwanza: kifungu cha mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri, kinachorekebisha mshahara kila mwaka kwa fahirisi ya eneo. Pendekezo la pamoja la Shirika la Kazi Duniani (ILO) na UNESCO la 5 Oktoba 1966, lililoandikwa kwa walimu wa shule, linasema vyama vya walimu vishiriki kuchagua fahirisi, na posho ya ughali wa maisha ihesabiwe kwenye pensheni. Tudai yote mawili. Posho isiyoingia kwenye pensheni humwacha mwalimu mstaafu na mshahara wa zamani.

La pili: posho ya makazi kwa makundi ya miji, itajwe kwa kiasi cha fedha kinachotokana na kodi ya katikati, na ipitiwe kila baada ya miaka 2. Asilimia ya mshahara ingempa mwenye ngazi ya chini kiasi kidogo kuliko wengine, ambaye kodi yake ni ileile.

La tatu: wanafunzi 20 kwa darasa la uandishi. Kila anayezidi alipiwe saa 2 kwa muhula, yaani insha 4 kwa dakika 30 kila moja, kwa bei ya saa halisi. Chuo kitakachobishia saa hizo 2 kilete daftari lake. Fomu za daftari zitagawiwa na makatibu wa matawi kabla ya muhula kuanza, na zirudishwe wiki mbili baada ya mtihani.