Anayetuma pesa gerezani kwa mara ya kwanza asiachwe peke yake

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu gharama za kutuma pesa Bukavu, Kigoma na Mombasa ilitufaa wengi hapa Houston. Ila kuna pesa nyingine tunazotuma ambazo hazitajwi barazani wala kwenye vikao vya familia: za kijana wetu aliyefungwa hapa hapa Texas. Mzazi anayezituma kwa mara ya kwanza ndiye anayeliwa kuliko wote, na analiwa kwa sababu anaona haya kuuliza.

Nimesikia watu wakisema, "Za nini? Si analishwa bure?" Texas haiwalipi wafungwa wake ujira wowote kwa kazi wanazofanya, isipokuwa wachache sana. Analima, anafua, anapika, na mwisho wa mwezi hana hata senti ya stempu. Sehemu kubwa ya mabweni ya magereza ya jimbo hili hayana kiyoyozi, na kiangazi cha huku tunakijua. Feni inauzwa kwenye duka la gereza. Akiomba kumwona daktari, mara nyingi hutozwa dola 13.55 kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2019. Simu ilishushwa hadi senti 6 kwa dakika mwaka 2018, jambo la kushukuru, lakini hizo senti lazima zitoke kwa mtu. Zinatoka kwa mama anayesafisha vyumba hotelini.

Sasa mama huyo aanzie wapi? Kwanza ajue mwanawe yuko mikononi mwa nani. Jela ya kaunti, gereza la jimbo, gereza la serikali kuu na kizuizi cha uhamiaji ni vitu vinne tofauti, kila kimoja na akaunti zake na utaratibu wake. Ukituma kaunti ilhali kijana amekwisha kuhamishiwa gereza la jimbo, umejitafutia usumbufu wa kudai kurudishiwa.

Halafu kuna majina, na hapa sisi tuna shida ambayo Wamarekani wengi hawana. Wengi wetu tuliandikishwa kwenye kambi za wakimbizi, Nyarugusu au Kakuma, na karani aliyeandika alivyosikia. Jina la baba likawa la kwanza, herufi zikaruka, na tarehe ya kuzaliwa ikawekwa Januari mosi kwa nusu ya familia. Gereza linafuata jina lililoandikwa mahakamani. Mama akiandika jina sahihi, lile alilompa mwanawe, huenda lisilingane na la kwenye kumbukumbu. Inauma, lakini fomu ijazwe kama kumbukumbu zao zinavyosema, pamoja na namba ya mfungwa. Namba ndiyo inayomtambulisha.

Jambo la tatu huwakwamisha hata wasomi. Tangu mwaka 2020, idara ya magereza ya Texas hupokea pesa kutoka kwa watu walio kwenye orodha ya wageni au ya simu ya mfungwa tu. Kwa hiyo yeye mwenyewe ndiye wa kuanza: amwandikishe mama yake. Mzazi asiyelijua hili hukataliwa, hudhani kuna ubaguzi au hitilafu, kisha humpa pesa "mtu anayejua njia". Hapo ndipo zinapopotelea.

Kuhusu njia zenyewe za kutuma gereza la jimbo, kampuni za kutuma kwa simu na intaneti zina haraka, nazo hutoza ada ambayo kwa anayetuma dola ishirini ni kubwa mno. Nakasirika kila ninapoona zinatangulizwa hizo, kwa sababu iko njia isiyo na ada hiyo: mani oda ya posta iandikwe kwa Inmate Trust Fund (ndiyo akaunti za wafungwa), pamoja na jina na namba ya mfungwa, iambatane na fomu ya kuwekea pesa, itumwe P.O. Box 60, Huntsville, Texas 77342. Huchelewa, na mani oda yenyewe hununuliwa kwa pesa kidogo, lakini zinazobaki zote zinaingia kwenye akaunti. Noti zisitiwe kwenye bahasha kamwe. Mzazi ajue pia kuwa kijana mwenye deni la mahakama anaweza kukatwa humo humo, asije akamshuku kwamba anadanganya.

Na akipigiwa simu kwamba mwanawe atapigwa leo usiku asipotuma pesa kwa Cash App, ile programu ya simu ya kutumiana pesa, au aziweke kwenye akaunti ya mfungwa mwingine, asitume. Apige gerezani kwenyewe, aombe kuzungumza na kasisi wa gereza. Wapo, na habari za dharura za familia hupitia kwao.

Naiomba idara ya magereza itoe maelezo haya kwa Kiswahili. Nawaomba maimamu na wachungaji wetu wayatangaze waziwazi, kama wanavyotangaza mchango wa mazishi, ili mama asilazimike kusema ni mwanawe. Nanyi, Mhariri, mkitupa nusu ukurasa kila baada ya miezi michache, sisi tunaofanya ukalimani tutaandika bila malipo, na tutakaa na familia yoyote kujaza fomu ya kwanza.

Msomaji wenu,
Houston, Texas