Wanaokwenda kufundisha Kiingereza Japani wajue haya

Ndugu Mhariri,

Vijana wanaoomba kazi ya ualimu msaidizi wa Kiingereza katika shule za msingi za Japani hujiandaa kwa usaili, kisha basi. Mbele ya watoto ufasaha pekee hausaidii sana.

Tangu mtaala wa 2020, darasa la tatu na la nne hupata vipindi 35 kwa mwaka, bila alama. La tano na la sita hupata 70, na hapo Kiingereza ni somo kamili, kusoma na kuandika kukiwemo. Kipindi ni dakika 45. Mwenye darasa ni mwalimu Mjapani, na hana nafasi ya vikao virefu. Mpe mapema karatasi moja tu inayoonyesha nani anafanya nini, kwa dakika ngapi.

Maneno mapya sita hadi manane yanatosha. Mchezo unaopendwa ni karuta: kadi za picha zinatandazwa mezani, watoto wanne wanazunguka, neno likitajwa wanagombea kadi. Ukichezwa hivyo tu, mwenye mkono mwepesi huzoa zote na hakuna aliyefungua kinywa. Waweke mikono kichwani, walitamke neno wote, ndipo uwaruhusu kugusa.

Matamshi ndiyo yanayotutega sisi. Kijapani kina irabu tano kama Kiswahili, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu, hivyo "milk" inakuwa "miruku". Mwalimu anayetamka "miliki" atawaongezea kosa juu ya kosa. Mtoto aweke kiganja chini ya kidevu: kwa "milk" kidevu hushuka mara moja. Kikishuka tena, kuna irabu imechomekwa.

Kusoma nako kuna mtego. Darasa la tatu hufundishwa kuandika Kijapani kwa herufi za Kirumi, kwa hiyo "name" wataisoma na-me, sawasawa na mtoto wa Tanga. Walisikie neno na kulisema kwanza. Maandishi yafuate, tena kwa kunakili kwenye karatasi ya mistari minne, maana b na d huwachanganya sana.

Wanaowatafutia vijana kazi hizi wangewadai kwanza somo la majaribio la dakika 45 nzima, mbele ya watoto wasiojua Kiingereza.

Mwalimu wa Kiingereza,
Morogoro