Barua kwa mwanangu: kapimwe jicho kabla ya kusafiri

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama kwenye sentensi ileile uliyoipachika katikati ya habari za tiketi na mizigo kana kwamba ni jambo la kupita njia: kwamba tangu juzi unaona vidoa vingi vyeusi vikielea katika jicho la kulia, kwamba gizani unaona mwanga ukimweka pembeni mwa jicho hilohilo, na kwamba huoni haja ya kwenda kwa daktari kwa sababu ni mawazo tu, maana hata dunia yenyewe siku hizi unaiona kama iko nyuma ya kioo. Nilikupigia simu papo hapo, ukaniambia uko sawa na ukaniuliza habari za mama yako. Ndiyo maana nakuandikia, kwa kuwa kwenye maandishi huwezi kunikatiza. Zimebaki siku kumi na moja usafiri, nami ninachokuomba ni kimoja: nenda leo kwa daktari wa macho, akutie matone ya kupanua mboni, aitazame retina yako, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, yote mpaka kingoni. Kukupima herufi za ukutani hakutoshi, kwa sababu mtu anaweza kuzisoma herufi zote na huku retina imechanika.

Vidoa vyenyewe si ajabu. Ndani ya jicho kuna ute mzito, mithili ya ute wa yai, ambao karibu wote ni maji yaliyoshikwa na nyuzi nyembamba mno. Miaka inavyokwenda ute huo hulainika na kuwa majimaji, nyuzi zake hushikana na kufanya mafundo, na vivuli vya mafundo hayo vikiangukia retina ndipo mtu anapoona vidoti na utando wa buibui ukielea, hasa akitazama mbingu nyeupe. Ukivifuata kwa jicho vinakimbia. Ukitulia navyo vinateremka polepole. Wako watu wanaoishi navyo miaka nenda miaka rudi bila madhara, na kama vyako vingekuwa viwili vitatu vya siku nyingi nisingekusumbua. Wewe umesema ni vingi, vimekuja kwa ghafla, na vimekuja pamoja na mwanga.

Mwanga huo hautoki nje. Retina haina mishipa ya maumivu, kwa hiyo ikivutwa na ute unaojibandua kutoka kwake haiumi, bali humweka, na mtu hudhani ni radi ya mbali au taa ya gari iliyopita dirishani. Mara nyingi ute hujibandua salama na mambo yakaishia hapo. Lakini pale uliposhikamana sana unaweza kuichana retina, na ikishachanika majimaji hupenya tunduni, yakaingia nyuma yake na kuibandua, kama rangi ya ukuta inavyovimba na kuachia pale unyevu unapopita kwa nyuma. Ukitaka kuona ninachosema, ukumbuke ukuta wa chumba chako upande wa bomba, ambao nimeupaka rangi mara mbili mwaka huu na bado unabanduka, kwa sababu fundi anapaka juu bila kuziba panapovuja. Retina iliyobanduka imeachana na tabaka linaloilisha, na kila siku inayopita bila kurudishwa seli zake zinazidi kufa.

Jicho la mtu asiyeona mbali ni refu kuliko la kawaida, na retina yake imetandazwa ikawa nyembamba pembezoni. Wewe unavaa miwani tangu una miaka tisa, na nguvu yake imekwishapita hasi sita. Yale ambayo wengi huyapata baada ya miaka hamsini, wewe waweza kuyapata sasa. Tena una baba ambaye retina yake ilibanduka. Daktari atakuuliza kama kuna mtu katika familia aliyewahi kuugua hivyo, na sharti umwambie yupo.

Najua hili ni jipya kwako, kwa maana nyinyi watoto mliambiwa kwamba nilikwenda kutolewa mtoto wa jicho. Ulikuwa wakati wa mitihani yako, na mama yako aliona si vizuri kuwashtua, au tuseme mimi ndiye niliyeona hivyo, naye akanisitiri. Vidoa vyangu vilikuja jioni moja kama masizi yaliyopulizwa, nami nikavua miwani nikaifuta, nikaivaa, nikaifuta tena, na kesho yake nikaenda kununua miwani mipya. Siku ya tano niliona kivuli kwa chini, karibu na pua, nikadhani ni shavu limevimba. Nilisimama mbele ya kioo nalibonyeza shavu kwa kidole. Siku ya tisa nilifumba jicho zima ili nimtazame mama yako kwa lile bovu, nikaona nywele na mabega, lakini usoni palikuwa na ukungu wa kijivu. Wakati huo katikati ya retina, mahali tunapotumia kusoma na kutambua sura za watu, palikuwa pamekwishabanduka.

Daktari alinieleza kwamba pazia likionekana chini, retina imebanduka juu, kwa kuwa picha huingia jichoni kichwa chini miguu juu, na kwamba kubanduka kwa juu hukimbia zaidi, maana majimaji hushuka kwa uzito wake kuelekea katikati. Kisha akaniuliza nimeanza kuona mwanga lini. Nikasema juzi. Walinitoa ule ute, wakaziba tundu kwa leza, wakanijaza gesi ya kuikandamiza retina ukutani, nikakaa wiki nzima nimeinamisha uso nikila kwenye kigoda. Retina ilirudi mahali pake, lakini mpaka leo fremu ya mlango wa jikoni, nikiitazama kwa jicho la kushoto, ina kibyongo, ilhali mama yako ananiapia kwamba imenyooka. Ni zile siku tisa tu, mwanangu. Kabla ya Jules Gonin, daktari wa Lausanne huko Uswisi, kuonyesha katika miaka ya 1920 kwamba tundu likizibwa retina hushika tena, wagonjwa karibu wote waliishia kupofuka. Mimi nilikuwa na dawa mkononi nikakaa nafuta miwani.

Nikirudi kwenye hicho kioo chako. Sina haja ya kukukumbusha ule mkesha wa mtihani, wala nilichokujibu uliponijia na maneno kama haya. Jibu lile lilikuwa la mtu aliyechoka, na tangu siku ile hukuniletea tena habari za namna hiyo hadi juzi, tena umeileta kwa kuichomeka ndani ya habari za mizigo. Nimesoma kidogo tangu hapo. Madaktari wa akili wanaifahamu hali hiyo kwa miaka mingi. Mfaransa Ludovic Dugas aliiandikia na kuipa jina la dépersonnalisation, yaani mtu kujihisi kana kwamba si yeye, mwaka 1898. Mtu huiona dunia imekuwa bapa kama picha na iko mbali naye, husikia sauti yake mwenyewe kama ya mtu mwingine, hutazama mikono yake ikifanya kazi akajiuliza ni ya nani. Watu wengi hupitiwa na hali hii japo mara moja, baada ya hofu kali, kiwewe, au kukosa usingizi kwa muda mrefu, na wengine baada ya kuvuta bangi. (Sikuulizi. Lakini daktari akikuuliza, mjibu ukweli.)

Kilichonituliza katika ujumbe wako ni neno moja dogo, neno "kama". Hukuandika kwamba dunia iko nyuma ya kioo. Umeandika kama iko nyuma ya kioo, na aliyerukwa na akili hasemi hivyo. Anayejua kuwa kioo hakipo hajapoteza ukweli, ila hisia ya ukweli ndiyo imefifia, na mara nyingi hurudi yenyewe, na isiporudi kuna wataalamu wanaoitibu kwa mazungumzo, hatua kwa hatua. Nimesoma pia kwamba hali hii hulishwa na kujichunguza, na hapo nikakutambua, kwani wewe tangu utoto ukipata kijipele hukiachi. Usikae mbele ya ukuta mweupe ukihesabu vidoa. Kwa kila jicho peke yake, fumba moja utazame kwa lingine asubuhi, uone kama kuna kivuli pembeni, basi. Ukikiona usilale nacho, nenda idara ya dharura usiku huohuo.

Ninachokiogopa ni namna ulivyoyafunga mambo haya mawili katika furushi moja. Umeona kioo kinatoka kwenye mawazo, ukahitimisha kwamba na vidoa vinatoka hukohuko. Huenda hofu ya vidoa ndiyo inayokinenepesha hicho kioo, sikatai, na usingizi wa saa tatu unaojivunia nao una mchango wake. Lakini mawazo hayachani retina, wala leza haiondoi kioo. Kwa hiyo utakwenda kwa madaktari wawili, na wa macho ndiye wa kwanza, kwa sababu wa akili unaweza kumwona hata wiki ijayo. Na wa macho akikuambia jicho ni zima, usichukue maneno yake ukamkwepa huyu wa pili.

Na tuseme wazi kinachokuzuia, maana nakujua. Unaogopa kuambiwa usisafiri. Ikiwa retina imechanika tu bila kubanduka, leza ni kazi ya dakika chache, unarudi nyumbani siku hiyohiyo, na kovu hukomaa kwa muda wa kama wiki mbili. Muulize yeye kuhusu ndege. Ikiwa imebanduka na wakalazimika kukutia gesi, hutapanda ndege mpaka gesi iishe, nayo huchukua majuma kadhaa, kwa kuwa angani gesi hupanuka na kuliminya jicho kutoka ndani hata likapofuka. Ndiyo, nafasi ile inaweza kukuponyoka. Umeipigania kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, na mimi ninayejifanya mgumu nimewatangazia watu wote ninaowajua, mpaka mama yako ameona haya. Hata hivyo kazi yenyewe umeniambia ni ya kuchora ramani, na sijui utaichora kwa macho gani.

Hapa nyumbani hatujambo. Mdogo wako ameomba chumba chako nikamwambia asubiri kwanza huo ukuta ukauke, kwani safari hii nimemwambia fundi avunje, alitafute bomba linalovuja, ndipo apake rangi. Katika droo ya meza yako tumekuta miwani yako mitano ya zamani, kila mmoja mzito kuliko uliotangulia. Mama yako ameifunga kwenye kitambaa na hataki itupwe. Sikujua kama nguvu yake imepanda kwa kasi namna hiyo. Risiti nilizilipa mimi mwenyewe.

Uende na mtu wa kukushika mkono, na uchukue miwani ya jua, kwa maana mboni ikishapanuliwa mwanga wa nje unachoma. Usiendeshe chochote. Maandishi nayo yatakutia ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo ukitoka kwa daktari usihangaike kuniandikia. Nipigie. Simu nitakuwa nayo mkononi.

Baba yako