Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa NYSC (utumishi wa taifa wa vijana) Nigeria: tuelezeni hizo namba za vyeti vya vijana wenu

Afande Mkurugenzi Mkuu, shikamoo.

Najua huko Abuja hamsalimiani hivi, ila huku Dar mtu mwenye cheo cha Brigedia Jenerali huwezi kumuanza na "mambo vipi", na kiti chako kimezoea kukaliwa na wanajeshi, kwaiyo nakuita afande na yaishe. Na naandika Kiswahili makusudi kabisa. Shida ninayokuletea iko huku kwetu, kwa watu wa HR wa Dar na Nairobi na Kampala, nataka na wao waisome humuhumu, na ubalozi wenu si upo hapahapa Dar, watakutafsiria.

Mimi kazi yangu ni kupitia makaratasi ya watu wanaoomba kazi. Vyeti, barua, sivii, mtu kaskani vizuri mwingine kapiga picha na simu kivuli cha kichwa chake kipo juu ya cheti, yote yanapita kwangu. Na Wanaija siku hizi ni wengi jamani. Dangote ana kiwanda cha simenti Mtwara tangu 2015, UBA wana benki mjini, bado vijana wa kompyuta, walimu, wahasibu. Karibu kila mmoja anaambatanisha cheti chenu cha utumishi wa taifa hata pale ambapo tangazo halijakiomba. Sababu naielewa, sheria yenu kifungu cha 12 inamtaka mwajiri akidai hicho cheti kabla hajamuajiri mhitimu, kwaiyo kijana amekua anajua bila hicho karatasi hamna kazi, akivuka mpaka anakuja nacho hivyohivyo.

Shida inaanza kwenye namba.

Kuna binti mmoja mhasibu, mzuri tu wa kazi, aliomba kwenye kampuni moja ambayo siitaji. Kwenye fomu kulikua na sehemu imeandikwa "namba ya utumishi wa taifa", yeye kajaza moja. Kwenye sivii kaandika nyingine. Barua yake ya wito ina nyingine tena, na cheti chenyewe kina yake ambayo haifanani na hizo zote. Bosi akaangalia akasema mtu mmoja namba nne, huyu tapeli, weka pembeni. Faili likawekwa pembeni. Hakuna aliyempigia simu kumuuliza, hakuna aliyeandika hata barua pepe Abuja, na binti mpaka leo nadhani anajua tu kwamba hakuitwa.

Na zile namba zote zilikua sahihi afande! Zote nne!

Sasa ngoja niwaeleze wenzangu kidogo hapa, wewe unayajua haya vumilia tu. Kijana wa Nigeria akimaliza digrii au ile HND (stashahada ya juu) ya politekniki na hajafikisha umri wa kusamehewa anaandikishwa kutumikia taifa mwaka mmoja, anapewa barua ya wito. Humo kuna namba ya kwanza, kwenye karatasi wameiandika Call-Up Number, inaanza na NYSC halafu mkwaju, kifupi cha chuo alichosoma, mkwaju, mwaka, mkwaju, tarakimu zake. Hiyo inasema umetokea chuo gani na umeitwa mwaka gani, basi. Akifika kambini kwenye jimbo alilopangiwa anapewa namba ya pili, wenyewe wanaiita state code, ni fupi, mfano inaanza LA/19C au KN/19C halafu namba yake. LA ni Lagos, KN ni Kano, 19 ni mwaka na C ni awamu, maana kwa mwaka wanaitwa kwa mafungu A, B na C. Hiyo ndio namba anayoishi nayo mwaka mzima, ndio anayojulikana nayo kwa wenzake na kwenye ofisi za jimbo, kwaiyo ukimuuliza namba yake ghafla atakutajia hiyo, na ndio anayoiandika kwenye sivii bila kufikiria.

Ya tatu inatokea kwa baadhi tu, wale wanaohamishwa. Binti wetu alipangiwa Borno, akapata uhamisho kwenda Lagos, na ukihama jimbo unapewa namba mpya ya jimbo jipya ila ya wito inabaki ileile. Kwaiyo ana BO na ana LA na mtu mwenyewe ni yuleyule. Halafu mwisho kabisa, akimaliza mwaka wake, siku ya gwaride la kuagwa, anapewa cheti, na cheti kina namba yake ya nne inayoanza na herufi A na tarakimu zinafuata. Hii ya cheti haina chuo ndani yake wala jimbo wala mwaka. Ni namba ya mfululizo ya cheti. Usiikazie macho, hutaona kitu.

Na mwaka nao unachanganya watu. Namba ya wito inasema 2019, namba ya jimbo inasema 19C, cheti kina tarehe ya 2020. Mtu wa HR anaona miaka miwili tofauti anahisi kuna kamchezo. Jamani ni mwaka mzima wa kutumikia, ukiingia mwishoni mwa 2019 utatoka lini kama sio 2020?

Sisi Watanzania ndio tulipaswa kulielewa hili mapema kuliko wote maana tuna JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, imeanza 1963, hata kabla yenu. Mtu wa JKT ukimuuliza anakutajia kikosi na operesheni, Operesheni Kikwete, Operesheni Magufuli, haanzi na namba ya cheti, ni nani anayeikumbuka. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar waligomea masharti ya utumishi 1966 na Mwalimu akawarudisha nyumbani kwa mamia, kwaiyo mambo ya msomi na jeshi la kujenga taifa sisi tuna historia nayo ndefu tu. Ninyi mlianza tarehe 22 Mei 1973 kwa amri namba 24 ya Jenerali Gowon, vita ya Biafra imeisha 1970 watu bado wanaangaliana vibaya, mkaamua mtoto wa Enugu akatumikie Sokoto na wa Kano akatumikie kwa Wayoruba. Mimi hilo wazo nalipenda kwa kweli, najua kwenu kuna wanaosema lifutwe na wana hoja zao za usalama, ila sio leo.

Turudi kwenye namba. Ninachotaka kukwambia afande ni kwamba huku nje watu wanazisoma hizo namba kama vile zinaongea, wakati namba ya cheti peke yake haithibitishi chochote mpaka iwekwe pamoja na jina na tarehe na ifananishwe na daftari lenu. Na daftari liko kwenu, halipo kwetu. Huku mtu anahesabu tarakimu, anaona cheti cha zamani kina chache na cha juzi kina nyingi anasema kimoja kati ya hivi feki. Hapana, vyeti vimetolewa miaka zaidi ya 50 hiyo, namba si zinaongezeka.

Na msiseme kuhakiki ni mambo madogo maana kwenu wenyewe yameshaangusha watu wakubwa. Mama Kemi Adeosun alikua Waziri wa Fedha, mwaka 2018 gazeti la Premium Times likaandika kwamba cheti chake cha kusamehewa utumishi ni cha kufoji. Kilikua na tarehe ya Septemba 2009 na sahihi ya mkurugenzi aliyekua ameshaondoka ofisini mapema mwaka huohuo. Mama alimaliza chuo Uingereza akiwa na miaka 22, na msamaha wa umri ni kwa aliyehitimu akiwa ameshapita 30, kwaiyo hata bila kuangalia namba yoyote tarehe peke yake zilitosha kumshtua mtu makini. Akajiuzulu Septemba 14, akasema karatasi alitafutiwa na watu aliowaamini. Halafu sikia hii: 2021 mahakama kuu Abuja ikasema hata hakutakiwa kutumikia maana wakati anahitimu alikua raia wa Uingereza. Yaani uwaziri ulimtoka kwa karatasi ambayo wala hakuihitaji!

2023 tena, gavana wa Enugu, Peter Mbah. Cheti chake kilikua na namba A808297 cha Januari 2003, ofisi yenu ikasema hatukukitoa hicho, yeye akasema ni changu na nilitumikia, wakapelekana mahakamani mpaka Mahakama ya Juu ambayo Desemba mwaka huo ikamuachia ugavana wake. Mimi siingii kwenye nani mkweli, hiyo ni ya kwenu. Ninachoona ni kwamba herufi moja na tarakimu sita zilibishaniwa na mawakili wakubwa wa nchi mwaka mzima, sasa wewe fikiria dada wa HR wa Kariakoo anayelipwa kwa mwezi anaamuaje kwa kuangalia tu.

Kuna kingine kinaniudhi na hiki ni cha vijana wenyewe. Siku ya gwaride la kuagwa mitandao inajaa picha, mtu kavaa kaki yake na buti na fulana nyeupe, kashika cheti kifuani, anacheka, mama yake pembeni analia kwa furaha, picha nzuri sana, na namba ya cheti inasomeka mpaka nukta. Mwenye kufoji anahitaji nini zaidi hapo? Anachukua namba ya kweli anaibandika kwenye jina la uongo, halafu huku nje mtu akiambiwa namba ipo anaridhika. Mimi mwenyewe nimeshashika vyeti viwili vya watu wawili tofauti vyenye namba moja, na aliyekua wa kweli ndio aliyesumbuliwa kujieleza zaidi maana mwenzake alikua na maneno mengi. Waambieni kambini wazibe namba na kidole wakati wa picha. Ni tangazo la sekunde kumi hilo.

Na madalali nao wameshaona hela. Huku kuna watu kwenye magrupu ya whatsap wanakwambia nitumie namba ya cheti cha Mnaija na hela kidogo nakusomea inamaanisha nini, kasoma wapi, katumikia jimbo gani. Kwa namba ya A! Nimeshasema humo ndani hamna chuo wala jimbo, kwaiyo anachokusomea anakitoa kichwani, sawa na mganga. Na waajiri wanalipa, tena wengine ni kampuni zenye maghorofa.

Kwaiyo ombi langu. Sikuombi mbadilishe mfumo, sikuombi mfungue daftari lote mtu yeyote achungulie maana humo kuna taarifa za watu. Naomba ukurasa mmoja wenye nembo yenu na sahihi yako unaosema hii ndio namba ya wito na inaonekana hivi, hii ndio ya jimbo na inaweza kubadilika mtu akihama, hii ndio ya cheti na haina maana nyingine yoyote zaidi ya kutambulisha hicho cheti, mwaka wa wito na mwaka wa cheti kutofautiana ni kawaida. Mseme pia kwamba cheti cha kusamehewa sio cheti cha kutumikia, maana nimeona mtu ananyimwa kazi kwakua "cheti chake hakifanani na cha mwenzake" kumbe yeye alihitimu na miaka 34, na wale waliosoma kwa muda wa ziada jioni wana barua yao tofauti kabisa na sio kosa lao. Ukurasa huo uwe kwa Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili, Umoja wa Afrika umeshakipokea Kiswahili kwaiyo hapo hatujikombi. Kwenye ukurasa huohuo muandike waziwazi mwajiri wa nje ya Nigeria aulize wapi, alete vitu gani, kwa idhini ya mwenye cheti, na jibu liwe fupi tu, namba hii na jina hili na tarehe hizi vinakubaliana au havikubaliani. Ndio au hapana. Mengine tutamuuliza mwombaji mwenyewe kwenye usaili.

Na ikiwezekana nyuma ya cheti kuchapwe mstari mmoja wa kusema namba ya mbele ni ya cheti na sio namba ya wito wala ya jimbo. Najua kuchapa upya kunataka bajeti na mchakato, basi hilo lisubiri, ukurasa uanze.

Wenzangu wa HR mnaosoma hapa, wakati tunasubiri, ukiona namba haziendani usitupe faili. Mpigie mtu muulize hii ni ya wito au ya jimbo, na ulihama? Mwenye cheti cha kweli atakujibu hapohapo na atakusimulia mpaka chakula kibaya cha kambini, zile wiki tatu huwa hawazisahau. Halafu ndio uandike Abuja.

Afande, nakala ya barua hii nitaipeleka mwenyewe ubalozini. Mkituma huo ukurasa waambieni waubandike pale mapokezi, na mimi nitausambaza kwenye magrupu yetu bure, kuanzia lile ambalo yule dalali ni admini.

Wako,
Mpitia makaratasi, Dar es Salaam