Hewa yako inavujia mlangoni

Kigoma, Mwanga
Jumapili usiku

Kaka,

Mambo vipi huko Tabora? Huku tupo, mvua inapiga tangu jana na bati za hapa kelele zake unazijua, nimekaa na laptop nikaona bora nikuandikie kwa kirefu maana ile voisi yako nimeisikiliza mara tatu na imeniuma kweli. Watu wako kumi na moja wa kwenye Oxygen Not Included, ile gemu ya kujenga koloni chini ya ardhi, wote kukosa hewa usiku mmoja, tena umeshawapa majina, najua ulivyojisikia.

Ile picha ya koloni yako nimeizumu kila pembe. Kuta zako ziko sawa kaka, usibomoe hata kigae kimoja. Hata zile kona ulizoacha wazi hazina neno, kwenye Oxygen Not Included gesi haipiti kimshazari, inapita pembeni na juu na chini basi. Shida ni mlango. Umeweka ule mwepesi wa nyumatiki na ule hauzuii hewa hata kidogo, kazi yake ni kuzuia watu na kufanya gemu ihesabu hapo ni chumba. Ndo maana ilikuandikia bweni lako limekamilika huku klorini, gesi wasiyoweza kuivuta, inaingia taratibu kutoka ule ukanda wa ramani uliotoboa mpaka vitandani.

Unakumbuka tulivyokuwa tunalala kwa mama mdogo Ujiji? Mlango tunaweka komeo kabisa, lakini ukuta umeishia kwenye lenta na dari hakuna, akianza kubanika migebuka alfajiri moshi unapanda, unavuka juu ya ukuta, unatushukia, tunaamka macho mekundu. Ndo hicho hicho. Gesi haiangalii umefunga wapi, inatafuta palipobaki.

Sasa ule mlango wa kubana hewa, wa kufungua kwa mkono, ukifungwa unazuia gesi na maji pia. Ila kila mtu akipita unafunguka na hewa inapenya kidogo, na kwa watu kumi na moja wanaopita kutwa nzima hicho kidogo kinakuwa kingi. Mimi kwenye ukanda wa klorini siamini mlango wowote, natumia maji. Umeshaona bomba chini ya sinki lilivyokunjwa, maji yanabaki pale kwenye mkunjo ili harufu isipande? Fanya vilevile. Chimba shimo kwenye korido, jaza maji, halafu shusha ukuta kutoka juu mpaka ncha yake izame. Kwenye gemu mraba mmoja wa ramani haubebi maji na gesi kwa pamoja, kwa hiyo klorini ikifika hapo imegota, ila mtu anapiga mbizi anatokea upande wa pili. Atalowa, na msongo wake utapanda kidogo, lakini yuko hai.

Kitu muhimu, jenga hiyo kinga KABLA hujachimba kigae cha mwisho cha kuingilia ukanda mpya. Ukishatoboa umechelewa. Na ile miamba ya abisaliti inayotenganisha kanda iache, usiichimbe hovyo, joto halipiti pale na hakuna ukuta utakaojenga mapema ukaifikia.

Joto nalo liangalie. Mimi niliweka kinga ya maji karibu na sehemu ya moto, ikafika nyuzi kama 100 ikachemka yote, mvuke ukaingia shambani na mazao yakagoma kukua, nililala nimenuna siku hiyo. Sehemu kama hizo weka mafuta ghafi badala ya maji, yanavumilia moto sana, na kuta zake ziwe zile nene za kuzuia joto. Zinakula kilo 400 za mawe kila kigae wakati cha kawaida ni 200, kwa hiyo usizijenge kila mahali, weka panapounguza tu.

Halafu usianze koloni mpya tafadhali. Fungua seivu ya kabla hujatoboa, ng'oa ule mlango, weka maji, uone. Nimeiangalia sana hiyo ramani yako, kisima cha mvuke ulichopata pale kulia wengi hawakipati mapema hivyo, itakuwa dhambi kuiacha.

Ukipanda treni mwezi ujao njoo na laptop yako tuifungue wote hapa. Na mama mdogo anaulizia asali ya huko, usisahau lita mbili.

Wako wa Mwanga